Msako unaowatawanya watu mbali na dirisha la dawa

Kabla ya ziara ya kiongozi mkubwa, kabla ya sherehe za kitaifa, na mara nyingine baada tu ya wafanyabiashara wa katikati ya mji kulalamika kwa pamoja, hufanyika msako wa usiku katika mitaa ya Mwanza. Wanaolala kwenye mabaraza ya maduka huamshwa, maboksi yao ya kulalia hutupwa, baadhi yao hupakiwa kwenye gari na wengine hukimbilia vichochoroni. Asubuhi yake barabara huonekana safi, na wananchi huambiwa kwamba vibaka na mateja wameondolewa. Ninaandika makala haya kwa sababu ninaamini kwamba misako ya namna hii, ambayo nia yake ni kupunguza uhalifu na matumizi ya dawa za kulevya, huwarudisha kwenye unga, yaani heroini, watu waliokuwa wameanza kuuacha. Ninayo sababu ya karibu ya kuamini hivyo, kwa kuwa mdogo wangu wa kiume ni mmoja wa watu hao. Ameniruhusu niandike habari zake bila kutaja jina lake.

Ili hoja yangu ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike jinsi tiba ya methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini ili aweze kuiacha, inavyofanya kazi. Tiba hii ilianza kutolewa Tanzania Bara mwezi Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha ikasogezwa mikoani, na hapa kwetu hutolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure. Mgonjwa halipii dawa hiyo. Hufika dirishani na kadi yake, muuguzi humpimia dawa ya maji katika kikombe kidogo, naye huinywa papo hapo mbele ya muuguzi, kisha hutakiwa kusema neno lolote ili ijulikane kwamba ameimeza na hakuibana mdomoni kwa nia ya kwenda kuiuza. Mdogo wangu husema, "Asante dada, tuonane kesho," na husema maneno hayo hayo kila siku. Mtu aliyekwisha kuzoeshwa kipimo chake halewi kwa dawa hiyo. Kazi yake ni kuzuia arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, na kukata hamu ya heroini, na nguvu yake hudumu kwa siku moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo ni lazima arudi kesho yake, arudi Jumapili, arudi siku ya Idi na siku ya Krismasi. Akikosa siku moja mwili huanza kudai. Akikosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa kipimo alichokiacha, kwa kuwa mwili huwa umepoteza mazoea, na kile kile kilichokuwa kikimtuliza kinaweza sasa kumzuia asipumue. Huanzishwa upya na kipimo kidogo, hupandishwa polepole, na kazi ya wiki nyingi huwa imepotea.

Tiba nzima, kwa maneno mengine, inategemea jambo moja: mtu yule aweze kufika kwenye dirisha lile kila siku ya Mungu, kwa miguu yake au kwa nauli ya daladala. Hatua yoyote inayomsogeza mbali na dirisha hilo, au kumfungia, au kumtia hofu ya kupita katika barabara ya kwenda huko, inapingana na fedha ambazo Serikali hiyo hiyo imezitoa kununua dawa na kuwalipa wauguzi. Sidhani kama wanaopanga misako wana nia mbaya. Tatizo ni kwamba mipango hupangwa katika ofisi moja na tiba hupangwa katika ofisi nyingine, na aliye katikati hana wa kumwuliza.

Mdogo wangu alikuwa amepanga chumba Mabatini, chumba kimoja cha mlango wa uani, na kodi alikuwa akiilipa mwenyewe kwa fedha anayoipata Kirumba Mwaloni, ambako hushusha na kupanga magunia ya dagaa kuanzia usiku hadi alfajiri. Nyumbani kwetu hakuwa anakaa, kwa sababu katika miaka yake mibaya aliuza vitu vya nyumba kimoja baada ya kingine, na baba alikuwa bado hajawa tayari kumpokea. Chumba kile, kazi ile na lile dirisha la Sekou Toure vilikuwa ndiyo maisha yake yote, na kwa muda mrefu vilimtosha: alinenepa, alianza kunipigia simu bila kuomba fedha, na siku moja aliniletea furushi la dagaa wabichi akaniambia, "Dada, hawa nimewanunua."

Chumba alikipoteza bila kosa lolote. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haimhusu muuzaji na mtumiaji peke yao. Humtia hatiani pia mwenye nyumba anayeruhusu eneo lake litumike kwa dawa hizo. Shabaha yake inaeleweka, kwani hakuna anayetaka nyumba ya jirani igeuke maskani ya kuvutia unga. Lakini mwenye nyumba wa kawaida, mama mjane mwenye vyumba vinne vya kupangisha, hana namna ya kutofautisha mtu anayetumia na mtu anayejitibu, na hana wakili wa kumfafanulia sheria. Alichokisikia kwenye mkutano wa mtaa ni kwamba atakayekutwa na teja nyumbani kwake ataingia matatani pamoja naye. Aliporudi alimwita mdogo wangu, akamwambia kwa upole kabisa kwamba anamheshimu, lakini ana watoto wa kusomesha na hawezi kwenda mahakamani uzeeni. Alimrudishia hata kodi ya mwezi uliobaki. Simlaumu yule mama hata kidogo. Ninachokiona ni kwamba kipengele kilichokusudiwa kuvunja maskani ya wauzaji kilimtoa kwenye nyumba yenye mlango na kitasa mtu ambaye hakuwa tena mteja wa wauzaji hao, kikamweka barabarani, yaani mahali ambapo msako wa usiku humkuta kila mtu.

Kwa miezi kadhaa alilala kwenye baraza la duka upande wa Makoroboi. Mlinzi wa duka hilo, mzee wa Kisukuma aliyekuwa akipokea "mwangaluka" yake kila asubuhi kwa kuinua fimbo, alimruhusu kwa masharti kwamba afike saa ambayo biashara zimefungwa, aondoke kabla mwenye duka hajafika, na afagie. Naomba msomaji azingatie kitu kimoja hapa, kwa sababu watu wengi hudhani anayelala nje hana mpango wowote. Mahali pa kulala barabarani hupatikana kwa kujuana na kuaminiana. Mlinzi alimjua, mama muuza uji alimjua na kumkopesha, na mwelimishaji rika wa kliniki, yaani mtu ambaye mwenyewe alishapita katika unga na sasa huwatafuta wenzake mitaani, alijua baraza la kumkuta endapo ataonekana amekosa dozi. Kutoka pale hadi hospitali ni mwendo wa miguu ambao hata mtu mwenye maumivu ya viungo anaumudu.

Msako ulipopita ulivunja mpangilio huo wote kwa usiku mmoja. Mzee mlinzi alionywa kwamba atapoteza kazi akimruhusu mtu tena, na wote waliokuwa wakilala eneo hilo wakatawanyika. Mji wetu umejengwa juu ya majabali, na yeyote anayeufahamu anajua kwamba milima ya mawe ya Igogo na Mabatini ina mapango na nyufa ambazo askari hawezi kupanda usiku. Huko ndiko walikoelekea wengi. Wengine walishuka kwenye makalavati ya Mto Mirongo, ambao hufurika ghafla mvua zinapokuwa kubwa. Mdogo wangu alipanda mawe. Alikuwa bado anajitahidi kushuka kwenda kunywa dawa, lakini sasa ilimlazimu apite katikati ya mji ule ule aliofukuzwa, akiwa na nguo chafu zinazomtambulisha kutoka mbali, na siku ambazo aliona gari la doria alirudi juu akisubiri lipite. Kuna siku lilikawia kupita hadi dirisha likafungwa.

Mwelimishaji rika alimtafuta barazani hakumwona. Aliniuliza mimi, nami sikujua. Hakuna takwimu ya msako inayoonyesha hasara ya namna hii. Taarifa husema watu kadhaa wamekamatwa na wengine wameondoka. Haisemi kwamba kliniki imepoteza njia ya kuwapata wagonjwa wake, wala kwamba waliokuwa wakipima virusi vya UKIMWI na kifua kikuu kwa utaratibu hawajulikani walipo.

Alikamatwa baadaye, siku ya Ijumaa jioni, akiwa na kadi ya kliniki mfukoni. Aliionyesha. Aliyeishika aliitazama akamrudishia, na mdogo wangu akakaa mahabusu hadi Jumatatu. Sitaki kutaja kituo, kwa sababu sioni kwamba askari wale walikuwa wabaya kuliko wengine. Hakuna aliyekuwa amewafundisha maana ya ile kadi, wala hapakuwa na utaratibu wa kumpeleka mtu kunywa dawa akiwa chini ya ulinzi. Nilipompelekea chakula Jumamosi mchana nilimkuta amejikunja sakafuni, pua na macho vikimtoka maji kama mwenye mafua makali, akitetemeka, na mahabusu wenzake wamesogea ukutani kwa hofu. Aliomba nimletee limau. Jumapili hakuweza hata kushika kikombe. Jumatatu aliachiwa bila kufikishwa mahakamani, na kabla jua halijazama alikuwa amenunua kete ya unga.

Madaktari wanaoshughulika na uraibu hulijua vizuri jambo hili: siku za mwanzo baada ya mtu kutoka kizuizini ni miongoni mwa siku za hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha heroini, kwa kuwa hamu imerudi yote ilhali uwezo wa mwili kuistahimili dawa umepungua. Mdogo wangu hakufa. Alianza upya na kipimo kidogo, na mpaka leo, namshukuru Mungu, anaendelea, sasa akiwa na chumba tulichomtafutia upande wa Kirumba kwa mwenye nyumba anayefahamu hali yake tangu siku ya kwanza. Lakini yeye ana ndugu. Wengi wa waliolala naye mawe hawana mtu wa kuwapelekea limau.

Kuna madhara mengine ya hofu ambayo huonekana polepole zaidi. Mtu anayejidunga akijua kwamba kukutwa na bomba la sindano mfukoni ni sawa na kukiri kosa, hatatembea na bomba lake. Atakwenda maskani mikono mitupu na kutumia atakalolikuta, lililokwisha kutumiwa na wengine. Makadirio ya kitaifa ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa kati ya watu takriban 30,000 wanaojidunga nchini, kiasi cha asilimia 35 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango ambacho ni mara kadhaa ya kile cha watu wazima kwa jumla. Watu hao wana wake, wana waume, wana wapenzi katika mitaa yetu. Kwa hiyo hata yule ambaye hana huruma yoyote kwa mateja anayo sababu ya kutotaka mabomba yao yawe siri.

Watoto ni habari nyingine, na kwangu mimi niliye mwalimu ndiyo inayouma zaidi. Mwanza imekuwa na watoto wa mitaani kwa miongo mingi. Wanatoka Shinyanga, Simiyu, Geita, Mara, Kagera na katika kata zetu wenyewe, wakikimbia vipigo, ndoa zilizovunjika, baba aliyekwenda machimboni na hakurudi, au njaa tu. Hulala kwa makundi, hukusanya makopo na chuma chakavu, hubeba mizigo ya akina mama sokoni, na wengi wao hunusa gundi ya mafundi viatu kwa sababu inaondoa baridi na njaa kwa saa kadhaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko wazi kabisa juu yao: mtoto anayezurura bila makazi au anayeombaomba huhesabiwa kuwa mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na wajibu wa kumlinda umewekwa mikononi mwa serikali za mitaa. Sheria hiyo haimwiti mhalifu.

Ila msako hauchagui. Watoto husombwa pamoja na watu wazima, na njia rahisi ya kumaliza shauri lao huwa ni kuwapandisha basi na kuwarudisha walikotoka. Ninafahamu maofisa wa ustawi wa jamii wanaofanya kazi hii kwa uadilifu mkubwa, ambao huenda na mtoto hadi kwao, hukaa na mlezi, humtafuta shangazi au bibi pale ambapo mama wa kambo ndiye aliyekuwa chanzo, na hurudi baada ya miezi kuangalia kama mtoto bado yupo. Kazi hiyo ni ya taratibu na maofisa ni wachache. Mtoto anayerudishwa kwa haraka kwenye nyumba aliyoikimbia, bila mtu kuuliza alikimbia nini, hupigwa kwa kosa la kukimbia na kisha hukimbia tena. Tofauti ni kwamba safari hii amejifunza kujificha. Haji tena kwenye kituo cha mchana kula na kufua, kwa sababu anashuku kwamba walimu wa kituo ndio waliomtaja. Huanza kujibanza na wakubwa, na wakubwa humlinda kwa bei ambayo mtoto hapaswi kuilipa. Nimefundisha mvulana wa aina hiyo. Alikuwa hodari wa hesabu za kichwa, na kila alipoona gari lenye bendera likiingia uwanjani kwetu alitoka kwa dirishani.

Haya si mambo mapya katika nchi hii. Waingereza walikuwa na sheria za kuwaondoa mijini wale waliowaita watu wasiotakiwa, na walipowarudisha vijijini watu hao walirudi mjini. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na operesheni yake ikawakusanya Dar es Salaam watu wasio na kazi inayotambulika ili wapelekwe kwenye kilimo. Nia ya viongozi wa wakati ule, akiwamo Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilikuwa ni kila mtu ale jasho lake, na mimi sina shaka na uzalendo wao. Hata hivyo wengi walirejea mjini. Vifungu vya uzururaji vilivyomo katika Kanuni ya Adhabu vina asili katika fikra hizo hizo za kikoloni. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo Arusha, ilitoa ushauri kwamba sheria za namna hiyo, zinazomwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, wala na mkataba wa Afrika unaolinda watoto na itifaki inayolinda wanawake. Ni jambo la kusikitisha kwamba ushauri uliotolewa katika ardhi yetu wenyewe haujasikika sana kwenye vikao vya kamati za ulinzi za mitaa.

Kupiga marufuku bila kutazama watu watakimbilia wapi kumetuumiza hata pale ambapo marufuku yenyewe ilikuwa ya haki. Pombe za viroba zilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nikiviokota vifuko vile kwenye uwanja wa shule. Baada ya muda mfupi chupa ndogo za plastiki zikashika nafasi yake, na waliokosa hata fedha ya chupa wakarudi kwenye gongo, ambayo haina kipimo wala mkaguzi. Tuliruka majivu, baadhi yetu wakakanyaga moto. Ndivyo ilivyo kwa unga pia. Mwezi Desemba 2023, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa, na ninaipongeza kwa moyo wote, kwa kuwa huko ndiko waliko wenye mali. Lakini unga unapoadimika mtaani mteja hatoweki. Mmoja hupanga foleni kliniki, mwingine hugeukia vidonge vya usingizi na vya maumivu kutoka madukani, na wa tatu aliyekuwa akivuta huanza kujidunga ili kete moja imfikishe mbali zaidi. Wiki hizo za uhaba ndizo ambazo mlango wa tiba ungepaswa kuwa wazi kuliko wakati wowote, na wagonjwa wajue kwamba wanaweza kuufikia bila kukamatwa njiani. Ukifanya msako katika wiki hizo, umeifuta faida ya ukamataji ule mkubwa kwa mkono wako mwenyewe.

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba ninawatetea watu wanaotuibia. Nimeibiwa simu, nimeanua kamba tupu pale nilipoanika nguo, na jirani yangu amewahi kuokota sindano kwenye kichochoro ambacho watoto wake wanachezea. Hasira yao ninaijua, na sitaki mji ambao mama muuza nyanya anafunga mapema kwa sababu ya vibaka. Anayeiba akamatwe kwa wizi wake na ahukumiwe kwa wizi huo. Wala sisemi kwamba kuacha kukamata peke yake kunatosha. Wananchi wa jimbo la Oregon, Marekani, walipiga kura mwaka 2020 kuondoa adhabu za jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa za kulevya, na sheria ikaanza kufanya kazi mwaka 2021 wakati huduma za tiba zilizoahidiwa zilikuwa bado hazijajengwa vya kutosha. Watu walionekana wakitumia hadharani, vifo vikaongezeka hasa kwa sababu ya fentanili, dawa kali kuliko heroini, iliyokuwa imeingia katika kipindi hicho hicho, subira ya wapiga kura ikaisha, na mwaka 2024 adhabu zikarudishwa. Wenzetu hao waliondoa fimbo kabla ya kuweka kitanda. Sisi hapa tumefanya kinyume chake: kitanda tumekiweka, tena cha bure, kisha tunasimama na fimbo kwenye njia ya kukiendea.

Ninachokiomba hakihitaji bajeti kubwa. Msako wowote unaopangwa katikati ya mji ufahamishwe kwanza kwa kliniki ya methadoni na kwa ofisi ya ustawi wa jamii, ili waelimishaji rika wawafikie wagonjwa wao na maofisa wawatenge watoto kabla gari halijaondoka. Kadi ya kliniki itambuliwe na kila askari na kila mgambo, na mwenye kadi anayeshikiliwa kwa kosa halisi apelekwe kunywa dawa yake kila siku au aletewe, kama vile ambavyo tusingemnyima mgonjwa wa kisukari insulini yake. Wenyeviti wa mitaa wawaeleze wenye nyumba, kwa maneno yasiyotisha, kwamba kumpangisha mtu anayejitibu si kosa. Dawa isogezwe kwenye vituo vya afya vya pembezoni, Buhongwa na Igoma kwa mfano, kama ambavyo Dar es Salaam imeanza kufanya, kwa sababu mji huu pamoja na Ilemela sasa una watu zaidi ya milioni moja na si wote wanaoweza kumudu nauli ya kila siku hadi Sekou Toure. Na taarifa ya kila msako iwe na mstari mmoja zaidi, unaoeleza ni wagonjwa wangapi wa kliniki walioacha kufika dirishani katika mwezi uliofuata.

Mstari huo wa mwisho nimeuwasilisha kwa maandishi kwenye kamati ya ulinzi ya mtaa wetu, na mwenyekiti amekubali usomwe katika mkutano ujao wa hadhara. Hakuniahidi kwamba utapita. Wasomaji wangu wa Nyamagana na Ilemela wanaweza kuuliza swali hilo hilo katika mikutano ya mitaa yao, na kwa atakayehitaji barua yangu kama mfano, nitamtumia.